Upande wa Chumvi

Resori ya gari langu, yaani springi, ilikatika mchana, kwenye barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, mahali pasipo na kijiji mbele wala nyuma, ni majani marefu tu na shamba moja la mpunga kwa mbali. Niliisikia kabla sijaiona. Kilitoka kishindo kimoja kikavu chini ya miguu yangu, gari likaketi upande wa kushoto, na gurudumu la mbele likaanza kusaga bati. Nikazima injini, nikatukana. Nilitukana barabara, nikatukana mvua, nikamtukana mtu aliyebuni magurudumu, kisha nikageuka kulia ili mke wangu aniambie ninyamaze. Kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa amekufa tangu mvua zilizopita, na mimi bado nilikuwa nageuka.

Safari yenyewe haikuwa ya biashara. Ukweni kwangu Kabambare walikuwa wamepanga siku ya kumaliza kilio, Jumamosi. Kwao, mume aliyefiwa huja mwenyewe kwa miguu yake. Hunyolewa, huogeshwa, hupewa nguo safi, halafu mjomba wa marehemu husimama mbele ya watu na kutamka maneno ya kumwachilia. Asipofika, kilio humalizwa bila yeye, na kila mtu anajua maana yake: amejitoa, asikanyage tena. Mimi na mke wangu hatukujaliwa mtoto. Ndugu zangu wa tumbo moja walitawanyika zamani wakati wa vita, na wengine sijui kama wako hai. Watu ambao bado ningeweza kuwaita wangu walikuwa hao wa Kabambare, na kuliko wote mama mkwe, ambaye maisha yake yote hajawahi kuniambia neno moja.

Hakuwa ananichukia. Ilikuwa ni haya ya ukwe, na kwao haya hiyo hushikwa kwelikweli. Nikiingia uani kwa mbele, yeye hutoka kwa nyuma. Tukikutana njiani, huingia majanini hadi nipite, nami huangalia vidole vya miguu yangu. Hatukuwahi kukaa mkeka mmoja wala kupeana mikono. Akitaka kujua kama nimeshiba, alimwuliza binti yake, hata kama mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni nasikia kila kitu.

"Umuulize bwana yako kama anataka sombe ingine."

"Mama anauliza kama unataka sombe ingine."

"Umwambie mama nimeshiba."

"Anasema ameshiba, lakini anadanganya, mumuongezee."

Ndivyo tulivyoishi miaka yote hiyo, na tuliishi vizuri, maneno yetu yakipita katika mdomo mmoja. Mdomo huo sasa ulikuwa umefukiwa Kasongo, na mama yake hata hakuja kuuzika, kwa sababu juma lile maji yalikuwa yamechukua daraja la magogo na barabara ilikuwa imekatika. Jumamosi ile niliiogopa kuliko nilivyoiogopa siku ya mazishi. Siku ya mazishi nilikuwa bado mkwe wa mtu.

Basi nikashuka, nikalala chali kwenye matope na kuchungulia. Wasiojua gari la namna yangu niwaeleze kwa ufupi. Resori yake si ile iliyojizungusha. Ni vyuma bapa, virefu kwa vifupi, vilivyolaliana na kufungwa pamoja kwa bolti moja katikati, na mzigo wote wa upande ule unakaa juu yake. Chuma kirefu cha pili kutoka juu kilikuwa kimekatika vipande viwili, na bolti ya katikati ilikuwa imekatika pamoja nacho. Wala sikushangaa. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa na historia yake.

Mke wangu alikuwa mwanamke mzito, na ninasema hivyo kwa kujisifu. Alikuwa akipeleka chumvi na sabuni Kabambare, anarudi na karanga na mafuta ya mawese. Alikaa mbele kulia, gunia moja la chumvi chini ya miguu yake kwa sababu hakuamini kamba zangu, na gari lilikuwa likienda limelalia upande wake. Watu walitucheka tangu Kasongo mpaka tunakokwenda. Kwenye kizuizi askari wakisema, "Mama, gari inalala upande wako," yeye alijibu bila kupepesa jicho, "Ni chumvi." Tukirudi, chumvi imekwisha kuuzwa yote, wakamwambia tena, naye akajibu vilevile, "Ni chumvi." Mimi nilikuwa nageuza uso dirishani nisicheke, maana nikicheka ningelala na njaa.

Mwishowe fundi mmoja wa Kasongo aliongeza chuma kirefu kimoja katika resori ya kulia. Ikawa mke wangu akikaa, gari linasimama sawa. Akishuka, bega la kulia linainuka juu kidogo na gari linaegemea kwangu. Niliona ni mpango mzuri, kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba siku moja atashuka asipande tena.

Alipokufa sikumruhusu mtu kukaa kwenye kiti kile. Watu waliniomba, wakiwemo wazee na wanawake wajawazito, nikawaambia wapande nyuma. Walisema nimekuwa mchoyo, na mimi sikujitetea. Hata magunia sikuyaweka upande wake. Mizigo yote niliipanga kushoto, nyuma ya mgongo wangu, na upande wa kulia niliuacha mweupe, umefagiliwa. Kwa hiyo gari ambalo lilikuwa limekwisha kuegemea kwangu nililiongezea uzito palepale, mwezi kwa mwezi, kwenye mashimo ya barabara yetu. Fundi yeyote angeniambia. Mimi mwenyewe ningemwambia mtu mwingine.

Mchana ule nilijaribu kwanza dawa ya kila dereva wa huku. Nilikata mti mgumu, nikaupigilia kati ya fremu na ekseli ili ushike mzigo, nikaufunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, nikivuta kila mzunguko kwa meno. Nilikuwa bado nafunga ilipokuja pikipiki kutoka upande wa Kasongo. Juu yake palikuwa na magodoro ya wachimbaji wa dhahabu yaliyofungwa hadi kupita kichwa cha mwenye pikipiki, na bado mtu huyo aliona nafasi yangu.

"Papa, panda," alisema. "Njia yangu ni ya Salamabila, lakini nitakuzungusha mpaka Kabambare. Leo leo utafika."

"Na gari?"

"Gari itabaki. Nani ataiiba? Haiwezi kutembea."

Hakukosea. Ningefika siku mbili kabla ya kilio, nimepumzika, na hakuna aliyekataza mkwe kufika kwa pikipiki. Lakini chumvi na mchele wa kilio nilivyobeba vingebaki njiani, na nasema kweli, hata hiyo haikuwa sababu yenyewe. Sababu ni kwamba sikuweza kukiacha kiti kile peke yake porini. Nilijua ni upuuzi. Kiti ni sponji na kitambaa kilichochanika. Nilimwambia aende tu.

Aliwasha pikipiki, kisha akachungulia nyuma ya gari langu. "Lakini papa, juu ya nini mizigo yote umeiweka upande moja? Wewe mwenyewe umeivunja hii."

"Ni chumvi," nilimjibu.

Aliniangalia, akaangalia magunia, akaona mzee ameanza kuharibika, akaondoka. Kelele ya pikipiki ilisikika kwa muda mrefu, halafu haikusikika tena. Hapo upweke ukanishika hasa. Nilikuwa nimeuzoea upweke wa nyumbani, wa kupika chungu kidogo na kula nimesimama. Huu wa barabarani ulikuwa mwingine. Tumeharibikiwa barabara hii mara nyingi mno, mimi na yeye, na hata siku moja sikuwahi kuihesabu kuwa ni shida. Alikuwa anatandika kitenge chini ya mti, anawasha moto, anaanza kunilaumu, na mchana unapita.

Ule mti niliopigilia ulinipeleka mwendo wa kuvuta sigara moja. Kwenye mfereji wa kwanza ulichomoka, gari likaketi tena, na safari hii tairi lilikuwa limeanza kulika. Nilichoweza kufanya ni kulisukuma kando, kulala kwenye kiti changu nimekunja magoti, na kungoja kuche.

Asubuhi ilikuwa Ijumaa. Nikapiga hesabu ya watu wazima. Nikirudi Kasongo kutafuta chuma kingine, Jumamosi itanipita. Nikiendelea hivi, tairi litapasuka na nitabaki palepale. Chuma kirefu cha kipimo kile, kizima, chenye nguvu, kilikuwepo kimoja tu katika pori lote lile, nacho kilikuwa upande wa kulia. Ni kile cha fundi. Nilikuwa nimekifikiria tangu jana, tangu dakika ya kwanza nilipolala kwenye matope, na nilikuwa nimejitia hamnazo.

Mtu atauliza: kuna nini hapo? Kuna chuma. Toa hapa, tia pale. Lakini gari lile lilikuwa kitu pekee duniani kilichokuwa bado kinamngojea. Nyumbani nguo zake zilichukuliwa na dada zangu wa kanisani, kama desturi ilivyo. Mahali pake sokoni palikaliwa na mwingine, tena siku ya soko ya juma lililofuata. Gari peke yake ndilo lililoendelea kuinua bega la kulia kila asubuhi, likimtayarishia nafasi. Nilizunguka, nikakaa kwenye majani upande wake, nikaweka mkono juu ya resori. Nikamwambia, kwa sauti, kwamba naenda kwa mama yake na sina njia nyingine. Halafu nikaenda kuchukua spana, kwa hasira, maana bila hasira nisingeweza.

Niliweka mawe kwenye magurudumu, nikapandisha gari kwa kriki, nikaweka gogo chini ya fremu ili kriki ikiteleza isinizike hai. Nati za kulia zilikuwa hazijaguswa tangu fundi azifunge. Nilizimwagia mafuta machafu, nikaiongezea spana mkono kwa kipande cha bomba, nikaning'inia hadi zikalia. Resori nzima niliifunga kwa waya kwanza, kwa sababu vyuma hivi ukivifungulia ghafla vinaruka na vinaweza kukuvunja taya. Bolti ya katikati niliifungua polepole. Kile kirefu nilikivuta kwa mikono miwili kikatoka. Uso wake ulikuwa umesuguliwa na vyuma wenzake hata unang'aa. Nikakilaza kwenye majani na kuifunga resori ya kulia bila hicho, kwa bolti yake ileile.

Upande wa kushoto ndipo niliposhindwa. Vipande vilivyokatika vilitoka vyenyewe, na katika mkebe wangu wa maziwa, ninamowekea nati kuukuu, nilipata bolti ya katikati iliyofaa. Lakini ili resori irudi mahali pake ni lazima ekseli ikandamizwe chini, na kwa hiyo unahitaji mti mrefu wa kukandamizia, na mtu wa kuukalia huo mti wakati wewe uko chini ya gari. Kazi ya kukalia mti ilikuwa ya mke wangu. Alikuwa anakaa, anakula karanga, na kila baada ya muda anauliza, "Bado?" Mimi najibu, "Bado." Sikuwahi kujua kuwa ilikuwa kazi. Nilidhani amekaa tu.

Nilijaribu kuweka gunia la chumvi kwenye ncha ya mti. Likateleza. Nikalifunga kwa mpira, nikaingia chini ya gari, likageuka likaanguka tena na mti ukanipiga kwenye goti. Nilitoka nikalisemesha gunia lile maneno ambayo sitayaandika hapa. Nililiita jina la mnyama. Nikasikia mtu anacheka.

Alikuwa mwanamke wa makamo, amesimama kando ya shamba la mpunga, jembe begani. Sijui alikuwa ananiangalia tangu lini.

"Papa, unagombana na gunia?"

"Haitaki kukaa," nikamwambia.

"Gunia haina matako. Miye niko nayo." Akaweka jembe chini, akaja, akaukalia mti. "Hapa?"

"Hapo. Usitikisike."

Ekseli ilishuka bila matata. Nikaingia chini, nikaanza kuviongoza vyuma mahali pake, chuma cha kulia sasa kikiwa cha pili kutoka juu upande wangu. Kilikaa vizuri, kana kwamba kilikatwa kwa ajili ya pale. Nilikuwa natafuta tundu la bolti kwa kidole, jasho likiniingia machoni, aliposema yule mama huko juu, kwa sauti ya mtu anayefikiria mambo yake mengine:

"Bado?"

Nililala pale chini nimeshika chuma, nikalia, mimi mtu mzima mwenye mvi, miguu yangu nje mbele ya macho ya mgeni.

"Papa? Umejiumiza?"

"Kutu imeniingia macho."

"Pole. Fanya polepole, miye siko na haraka."

Akaukalia mti hadi nilipomaliza. Nilipotoka hakuniangalia usoni, na nilimshukuru kwa hilo moyoni. Alikuwa anaangalia vipande viwili vya chuma kilichokatika. Akauliza, "Ile iliyokufa utaifanya nini?" Nilielewa. Chuma cha resori ndicho wahunzi wetu wanachokitafuta. Jembe linalotoka humo halipindiki kwenye mizizi, na panga lake linakaa na makali. Nikampa kipande kile kirefu. Kile kifupi nilikirudisha ndani ya gari, chini ya kiti cha kulia, na sijui hadi leo nilikusudia nini.

Nilishusha kriki, nikalizunguka gari. Lilikuwa limesimama sawa. Kulia na kushoto, kipimo kimoja, kwa mara ya kwanza tangu tuzike. Nilitegemea nitafurahi, maana kazi ilikuwa safi na hata fundi asingeikosoa. Badala yake nilijisikia vibaya sana. Sasa lilikuwa gari kama magari mengine, la mtu yeyote, halikuwa tena na upande wa mtu. Nikayapanga magunia nusu kulia na nusu kushoto, kama akili inavyotaka, nikaondoka.

Niliingia Kabambare jua likiwa limeshuka, matope hadi kwenye nywele. Walinipokea vizuri, wakanipa maji, wakashusha magunia. Niliona moshi wa jikoni na ncha ya kitenge cha mama mkwe ikitokomea nyuma ya ukuta. Hakukuwa na mtu wa kuuliza kama nimeshiba. Chakula kililetwa na mke wa shemeji, kikawekwa, nikala nikaacha, na hakuna aliyesema kwamba nadanganya.

Jumamosi walininyoa. Waliniogesha nyuma ya nyumba, wakanivika shati jipya, wakanikalisha kwenye kiti katikati ya uani. Mjomba wa mke wangu ni mzee mwenye sauti nzuri, na alisema maneno yake vizuri, sina la kumlaumu.

"Umemulilia mutoto wetu, tumeona. Umekuja mwenyewe, tumeona. Kuanzia leo hatuna neno na wewe, na wewe hauna neno na sisi. Ukitaka kuoa, uoe. Bukwe imeisha. Uko huru."

Wanawake walipiga vigelegele. Wengine walinishika bega. Ni maneno ya wema, yanamfungulia mtu maisha, na vijana wakiambiwa hivyo hutabasamu. Mimi niliyasikia kama mtu anayesindikizwa hadi mlangoni. Nilikaa kwenye kiti kile na shati jipya, na katika umati wote ule hakuna aliyekuwa chochote kwangu tena.

Jumapili asubuhi sikutaka kuchelewa. Nyuma ya gari hapakuwa na kitu, chumvi na mchele vyote vilikwenda kwenye sufuria za kilio. Nikawaaga wanaume. Kisha nikaenda karibu na ukuta wa jikoni, nikaangalia vidole vya miguu yangu, nikasema na udongo wa ukuta, "Mama, niko naenda." Nilisubiri. Hapakuwa na mtu wa kulichukua neno hilo na kulipeleka upande wa pili. Nikarudi kwenye gari, nikawasha.

Ndipo alipotoka. Hakutoka kwa nyuma. Alikuja katikati ya uani, mwanamke mkubwa, mzito kama binti yake, kifurushi kichwani, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kulia. Mlango ule una tabia yake, lazima uuinue kwanza ndipo uvute. Alivuta, ukagoma. Akavuta tena. Nikashuka, nikazunguka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikasimama karibu na mama mkwe, nikaona kwamba ana kovu dogo kwenye nyusi. Nikainua mlango, nikaufungua.

"Dada, unafanya nini?" mjomba alipaza sauti. "Ule ni mukwe wako!"

Mama mkwe aligeuka. "Jana nilikuwa jikoni, nilisikia. Mulisema ule si mukwe tena. Ni vile ao si vile?"

Mjomba akakubali. "Ni vile."

"Basi haya itoke wapi? Kama si mukwe, ni mutoto." Kisha akaniambia mimi. Mimi, si mtu mwingine. "Unipeleke pale mwenzako analala. Miye sijamuona."

Niliitikia, "Ndiyo, mama."

Akashika mlango, akapanda, akakaa. Hakukuwa na chuma cha kumngojea upande ule, nilikuwa nimekitoa kwa mikono yangu. Gari likashuka chini yake polepole, likalalia kulia, kama lilivyokuwa likilala miaka ile ya kwanza kabla ya fundi. Nilizunguka nikakaa mahali pangu. Mjomba, ambaye hakutaka neno la mwisho liwe la dada yake mbele ya watu wote wale, alilitazama gari, akasema:

"Ona, gari inalala upande wako."

Kule Kabambare sikuwahi kumwambia mtu yeyote maneno yale. Mama mkwe alikuwa anaangalia barabara mbele yake, kifurushi mapajani, miguu yake ikiwa pale gunia lilipokuwa likikaa. Hakupepesa jicho.

"Ni chumvi," akasema.